Nani amemshika nani mkono? Adabu na mipaka katika uigizaji wa mapenzi kwa maandishi

Tuanze na sentensi moja: « Alimtazama, akamshika mkono, naye akatabasamu. » Kisarufi haina kosa, na hakuna mwalimu atakayeipigia mstari mwekundu. Lakini katika mchezo tunaotaka kuuchunguza hapa, sentensi hiyo inaweza kuvunja urafiki. Aliyeiandika ametaja matendo matatu. Mawili ya kwanza yalikuwa yake. La tatu, lile tabasamu, halikuwa lake.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wawili au zaidi, ambao mara nyingi hawajawahi kuonana, huchagua kila mmoja mhusika wake, kisha hutunga hadithi pamoja kwa kutumiana ujumbe kwa zamu. Hakuna mwongozaji wala tamthilia iliyoandikwa mbele, na watazamaji hawapo, maana waandishi ndio wasomaji. Hadithi ikiwa ya mapenzi, wahusika hutongozana, huoneana wivu, hugombana, hupatana, pengine huoana na kupata watoto, yote kwenye telefoni, kati ya saa tatu za usiku na saa ambayo mega zinakwisha. Tutauita uigizaji wa maandishi. Tunaozungumzia ni watu wazima tu. Sheria yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18, na katika mchezo wa mapenzi na mtoto hakuna suala la adabu la kujadili: hauchezwi. Anayeshuku umri wa mwenzake anauliza, na asiporidhika na jibu anaacha.

Kwa nini jambo hili liwahusu wanafunzi wa lugha? Kwa sababu hapa kila kitu kinafanywa kwa maneno peke yake. Macho hayapo, sauti haipo, wala mkono unaovutwa nyuma hauonekani. Heshima yote na utovu wote wa heshima vimo ndani ya viambishi, nafsi, njeo na alama za uandishi. Ni nadra kupata uwanja mzuri hivi wa kuzoezea pragmatiki.

Fremu ya mchezo

Mwaka 1952, katika bustani ya wanyama ya San Francisco, mwanaanthropolojia Gregory Bateson alitazama nyani wawili wadogo wakichezeana. Walikuwa wakiumana kwa namna ya mapigano, lakini wote wawili walielewa kwamba hawapigani. Katika makala aliyoitoa mwaka 1955 alieleza kwamba mchezo hauwezekani bila ishara ya juu zaidi inayosema: « huu ni mchezo ». Erving Goffman aliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu fremu, yaani ule mpaka usioonekana unaotuambia tunayoyaona tuyasome vipi.

J. L. Austin naye, katika mihadhara yake ya Harvard ya mwaka 1955 iliyochapishwa mwaka 1962, aliyaweka kando maneno yanayosemwa na mwigizaji jukwaani. Ahadi ya jukwaani haimfungi mwigizaji akishashuka. Kwa hiyo « nakupenda » ya mhusika si « nakupenda » ya mtu, na kinadharia jambo limekwisha.

Haliishi, na sababu ni nyepesi kuiona. Jukwaa lina mbao, lina taa, lina pazia. Hapa Lubumbashi wengi wetu tumesikia habari za kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilifuatilia mwaka 1986 na kuliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Waigizaji wale walitunga mchezo wao kwa Kiswahili bila matini kamili iliyoandikwa: walikubaliana mpango wa kisa, wakaujaza kwa kubuni papo hapo, zoezi baada ya zoezi. Kwa upande huo wanafanana sana na watu wetu wa telefoni. Lakini waigizaji wa kundi walikaa pamoja baada ya zoezi, wakajadili, wakacheka, wakaonana nyuso bila mhusika. Anayeigiza kwa maandishi hana hiyo « baada ». Skrini ileile inayobeba maneno ya mhusika inabeba salamu za asubuhi na habari za mgonjwa nyumbani. Ikiwa fremu haikujengwa kwa maneno, haipo.

Kisa cha LambdaMOO

Kisa kinachojulikana zaidi katika jambo hili kilitokea Marekani, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. LambdaMOO ilikuwa jumba la maandishi matupu, lililoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Watu waliingia kwa kompyuta zao, wakajichagulia wahusika, wakatembea vyumbani kwa kuandika. Mwaka 1993 Julian Dibbell alichapisha katika gazeti la The Village Voice la New York habari ya mhusika aliyeitwa Mr. Bungle. Mhusika huyo alitumia programu ndogo iliyoitwa sanamu ya uchawi, ambayo iliwezesha kuandika matendo na kuyabandika kwenye majina ya wahusika wengine. Watu waliokuwa sebuleni wakasoma kwenye skrini zao kwamba wahusika wao wanafanya vitendo vya ngono na vya kujidhuru ambavyo wao wenyewe hawakuviandika.

Hakuna mwili ulioguswa. Hata hivyo Dibbell anaeleza kwamba mwanamke mmoja mwenye mhusika aliyetendewa hivyo, akiwa Seattle, aliandika malalamiko yake huku machozi yakimtoka. Wakazi wa jumba wakakutana, wakabishana kwa muda mrefu, wengine wakidai haki na wengine wakisema maneno ni maneno tu. Mwishowe mmoja wa mafundi wakuu akamfuta Mr. Bungle, kisha Curtis akaweka utaratibu wa maombi na kura ili wakazi waamue mambo yao wenyewe.

Makala ya Dibbell imesomwa sana na wanasheria na wanafalsafa. Sisi tuisome kama wanaisimu. Ile sanamu ya uchawi ilifanya nini hasa? Iliiba kiima. Ilichukua nafasi ya mtenda katika sentensi, ambayo ni ya mwenye mhusika peke yake, ikaijaza bila ruhusa. Na sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili hatuhitaji programu yoyote kufanya hivyo. Tuna -ka-.

Kiambishi -ka- na haki ya mwenzako

Kiambishi -ka- hupanga matukio na kuyafunga. « Akamkumbatia » ni tendo lililokwisha. Msomaji hana tena pa kuingilia. Katika riwaya hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri. Katika hadithi ya watu wawili, -ka- inayogusa mwili wa mhusika wa mwenzako ni mlango uliofungwa kwa ufunguo. Tulinganishe mifano hii, ambayo tumeitunga wenyewe:

Kasongo akamkumbatia Neema, naye akalia kifuani pake.

Kasongo ananyoosha mikono yake, anangoja.

Katika mfano wa kwanza, mwenye Neema amebaki na nini cha kuandika? Mhusika wake ameshakumbatiwa na ameshalia. Katika wa pili, njeo ya -na- imeacha tendo katikati, na zamu inayofuata ni ya Neema kweli: aje, asije, amgeuzie mgongo. Vitenzi kama kujaribu, kutaka, kusogea na kungoja vinafanya kazi hiyohiyo, na hali ya dhamira tegemezi pia: « anasogea ili amnong'oneze » bado haijanong'oneza. Kwa maoni yetu mapenzi yaliyoandikwa hivyo yananoga zaidi, maana utamu wa kutongoza uko katika jibu ambalo hulijui. Anayejibu maswali yake mwenyewe anajitongoza mwenyewe.

Kuna wizi mwingine uliojificha zaidi, nao wengi hawauoni. Soma: « Akayatazama macho ya Neema yaliyojaa mapenzi. » Hapa mwandishi hajasema waziwazi kwamba Neema anapenda. Amelitia jambo hilo ndani ya kishazi rejeshi, kama kitu ambacho kila mtu anakijua tayari. Tunaita hiyo tangulizi. Dai la wazi unaweza kulikanusha kwa sentensi moja, lakini ili kuikana tangulizi lazima usimamishe hadithi nzima na kusema: ngoja, nani alikuambia yamejaa mapenzi? Watu wapole hawasimamishi. Wanavumilia, zamu inapita, na baada ya zamu kumi mhusika wao anapenda mtu ambaye wao hawakutaka ampende. Kwa hiyo vishazi rejeshi, vivumishi na kauli ya kutendwa (« Neema anavutiwa na sauti yake ») vinahitaji uangalifu kuliko hata vitenzi vya kugusa.

Kiswahili kina shida yake ya pekee hapa, na kina zawadi yake. Shida ni kwamba a- na -m- hazitofautishi mwanamume na mwanamke. « Alimshika mkono »: nani alimshika nani? Kwa Kifaransa il na elle zingesaidia kidogo. Sisi tunalazimika kurudia majina, au kutumia huyu na yule, au mgeni na mwenyeji. Kurudia jina kunaweza kuonekana uzito wa mtindo, lakini katika mchezo huu ni adabu, kwa sababu kunaonyesha mkono ni wa nani.

Zawadi ni upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mtu akiandika « nimechoka », hajasema kama ni mume au mke. Akigeuka kuandika Kifaransa, lazima achague fatigué au fatiguée, na siri imetoka. Wachezaji wengi huchukua wahusika wa jinsia isiyo yao, kwa sababu zao. Kumvuta mwenzako kwenye Kifaransa ili kumnasa kwa e moja ya mwisho ni ujanja mbaya, hata kama unafanywa kwa kicheko.

Kutoka nje ya mhusika

Wachezaji wa Kiingereza wana herufi tatu, OOC, zenye maana ya nje ya mhusika, na wengi hutumia mabano mawili kuzunguka kila wanachokisema kama watu. Desturi hiyo imeingia pia kwetu. ((Naenda kula, narudi.)) Ni alama ndogo, lakini ndiyo ile ishara ya Bateson.

Wenzetu wa Lubumbashi wana njia nyingine ambayo wengi hawajui kwamba wanaitumia. Mhusika anasema Kiswahili sanifu, cha vitabu na cha filamu za Dar es Salaam. Mtu anasema Kiswahili cha nyumbani. Kasongo anaandika: « Sitaweza kulala nisipokuona. » Dakika moja baadaye inafika: Minachoka leo, tutaendelea kesho. Hakuna mabano, wala hakuna anayechanganyikiwa. John Gumperz, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alionyesha jinsi kubadili lugha kunavyoweza kuwa kidokezo cha muktadha, na huu ni mfano safi. Una udhaifu wake: mhusika akiwa mtoto wa Kenya au wa Katuba anayesema Kiswahili cha mtaani, alama imekufa. Hapo mabano yarudi.

Jambo gumu kuliko yote ni neno « hapana ». Katika hadithi ya mapenzi wahusika wanakataana kila siku. Bila kukataana hadithi haiendi. Neema akiandika « Niache, Kasongo, sitaki kukuona tena », ni Neema anayesema, au ni mwenye Neema? Sentensi ni ileile, herufi kwa herufi. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hukubaliana mbele neno ambalo mhusika hatalisema kamwe. Tumesikia watu wakitumia « sombe », na ni neno zuri, isipokuwa hadithi yenu ikitokea jikoni. Neno hilo likitajwa, kila kitu kinasimama. Asiyekubaliana neno lolote ana wajibu wa kuuliza anapokuwa na shaka, ndani ya mabano, kwa ufupi: ((Ni Neema au ni weye?)) Kuuliza hivyo hakuharibu mchezo. Kinachouharibu ni kuendelea bila kujua.

Na kimya? Kwetu umeme unakatika, mtandao unapotea, mega zinaisha kati ya busu na jibu lake. Kimya kwa hiyo hakisomeki. Si ndiyo, wala si hasira. Mtu anayetuma jumbe sita wakati mwenzake yuko gizani, ya kwanza ya mapenzi na ya sita ya matusi, ameshaonyesha anavyoifikiria zamu ya mwenzake.

Mistari na mapazia

Watu wanaoigiza mezani, ana kwa ana, nao walitafuta majina ya mipaka hii. Mbunifu wa michezo Ron Edwards, katika kitabu cha mwaka 2003, alitofautisha mistari na mapazia. Mstari ni jambo lisiloingia kabisa katika hadithi. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini halionyeshwi: taa zinazimika, tunaamkia asubuhi. Tofauti hii inafaa sana katika mapenzi, kwa sababu watu wengi hawakatai wahusika wao walale pamoja. Wanakataa kuandika jinsi walivyolala.

Mazungumzo ya kupanga mipaka hayahitaji kuwa marefu wala ya kiofisi. Mfano:

— Yaya, mbele ya kuanza, kuna vitu sivitaki. Mhusika wangu asipigwe, hata kwa wivu. Na mambo ya chumbani tuyapite.
— Sawa. Mimi sitaki kifo cha mtoto ndani ya hadithi. Tukifika chumbani tunafunga pazia.

Angalieni kisichosemwa hapo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya upole ya mwaka 1978, iliyotolewa upya kama kitabu mwaka 1987, wanasema kila mtu ana uso wa kutaka kupendwa na uso wa kutaka asiingiliwe. « Kwa nini hutaki kifo cha mtoto? » inaugusa uso wa pili pale penye kidonda, na huenda jibu lake ni kaburi la kweli. Mstari unapokelewa jinsi ulivyotolewa. John Stavropoulos alilifanya wazo hilo kuwa kadi yenye alama ya X katikati ya meza: yeyote anayeigusa, onyesho linarudi nyuma, na hatakiwi kueleza sababu.

Kuvuja

Wabunifu wa michezo wana neno moja la Kiingereza, linalohusishwa na Mmarekani Emily Care Boss, lenye maana ya kutoka damu, na pia ya rangi ya nguo kutoka na kuingia nguo nyingine. Sisi tuseme kuvuja, kama kitenge kipya kilichofuliwa pamoja na shati jeupe. Hisia za mhusika zinaingia kwa mtu, au za mtu zinaingia kwa mhusika. Ukiandika kwa miezi mitatu kwamba unapendwa, na ukasoma kila usiku kwamba unapendwa, moyo hauna kamusi ya kutenganisha.

Kuvuja si kosa. Adabu inaanzia pale mtu anapojua kwamba rangi imetoka. Anayempenda mwenye Neema amwambie mwenye Neema, kwa jina lake, nje ya hadithi. Asimtume Kasongo aseme kwa niaba yake ili, akikataliwa, ajifiche nyuma ya mchezo. Na anayeambiwa ana haki ya kusema hapana bila hadithi kugeuzwa adhabu, Kasongo ghafla akawa mkatili, Neema akaachwa barabarani usiku. Wapo pia walio na wachumba au wenzi wa ndoa. Kama mwenzi huyo hajui kwamba mchezo upo, mpaka mmoja umeshawekwa bila mtu kuulizwa.

Dalili moja ya fremu kuvunjwa ni rahisi kuitambua: pesa. Mhusika hana namba ya kutumiwa pesa. Kasongo anaweza kufilisika ndani ya hadithi kadiri atakavyo, lakini siku anapomwomba Neema amtumie dola kumi za kweli kwa ajili ya dawa, aliyeandika si Kasongo tena, na Neema hapaswi kumjibu kwa sauti ya Neema. Jambo hilo linahusu pia picha. Anayeomba picha ya mwili kwa kisingizio cha kwamba « Kasongo anataka kumwona Neema » anaomba picha ya mtu. Na anayepiga picha ya skrini ya maneno ya mwenzake na kuitawanya anayatoa maneno hayo katika fremu iliyoyafanya yawe mchezo. Mbele ya macho mapya yanasomeka kuwa ni ungamo.

Zoezi la semina

Somo zamu hizi nne, zilizotungwa na mwandishi, kisha jibu maswali.

1. Kasongo anasimama mlangoni, mvua inamlowesha. « Nimekuja kukurudishia kitabu chako. »
2. Neema anafungua mlango nusu. Hasemi kitu.
3. Kasongo akaingia, akaona jinsi Neema alivyokuwa akimngoja siku zote zile.
4. ((Kwetu pia mvua, umeme unaweza kwenda.)) Neema anabaki palepale mlangoni. « Kitabu kiweke mezani. »

a) Katika zamu ya 3, tafuta dai la wazi na tangulizi. Lipi ni gumu zaidi kulikana, na kwa nini?
b) Zamu ya 4 imepokea nini na imekataa nini, bila kutumia neno la kukataa?
c) Andika upya zamu ya 3 bila kiambishi -ka-, kwa namna inayomwachia mwenye Neema njia tatu tofauti za kujibu. Zitaje njia hizo.
d) Tafsiri zamu zote nne kwa Kifaransa, ukidhani kwamba wahusika hawana majina bali ni « mgeni » na « mwenyeji » tu. Orodhesha kila jambo ambalo Kifaransa kimekulazimisha kusema na wachezaji hawakulisema.